Una filamu za zamani za familia nyumbani? Usizitie kwenye projekta kwanza

Tulipokuwa tunahamisha vitu vya bibi pale Ngamiani, Tanga, chini ya kitanda likatoka sanduku la bati la kijani, yale ya shule, ndani kuna nguo za watoto ambao sasa hivi wana wajukuu, vyeti, risiti za karo za miaka hiyo na makopo 11 ya filamu ndogo ndogo. Ba'mkubwa alisoma Ujerumani Mashariki miaka ya 70 akarudi na kamera ya Kirusi, Quarz, ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, sisi tulikuwa tunaisikia kwenye stori tu, kumbe filamu zenyewe zipo na bibi amelala juu yake miaka yote hiyo. Huku bara tulikaa hatuna televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kwa ukoo wetu hakuna picha nyingine inayotembea ya watu wale, hamna.

Sasa tulivyofanya siku ile ndio nakuomba wewe usifanye. Binamu alimjua mtu mwenye projekta, ikaletwa jioni ile ile, shuka likafungwa ukutani, watu wamekaa mkekani chai imeshamiminwa, rili ya kwanza ikaenda kama sekunde 40 afu ikakwama, na taa ya projekta ni moto kweli kweli, filamu ikisimama mbele yake hata kidogo tu inaungua, tukaona pale ukutani katikati ya uso wa mtu doa la kahawia linatanuka kama maziwa yanayochemka. Fremu nne, yani zile picha moja moja za kwenye mkanda, zimekwenda. Hatujui mpaka leo alikuwa nani. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajua baada ya hasara, na nimeshafanya zile zilizobaki 10 pamoja na za jamaa wengine wawili watatu walioskia.

Kwanza ujue una nini

Filamu nyingi za nyumbani ni za milimita 8 na ziko za aina mbili, ukikosea aina hata mashine haiivuti. Kodak walileta ile ya kwanza mwaka 1932, tuiite Regular 8, afu 1965 wakaleta Super 8. Rili ya Regular 8 ina tundu dogo katikati, kalamu inapita, ya Super 8 tundu lake ni kubwa kidole kinaingia. Lakini usiamini rili, watu walikuwa wanahamisha hamisha, angalia filamu yenyewe kwenye mwanga wa dirisha. Vile vitundu vya pembeni kwenye Regular ni vikubwa na vimekaa kwenye mpaka wa picha na picha, kwenye Super ni vidogo vyembamba na vimekaa usawa wa katikati ya picha. Ukikuta pana mara mbili ya hiyo hiyo basi inaweza kuwa milimita 16, na hapo mambo ya nyumbani sahau, tafuta wataalamu.

Rili ndogo ya kiganja, kipenyo inchi 3, ni futi 50 za filamu. Ukisikia futi 50 unaona nyingi, kumbe Super 8 kwa spidi ya kawaida ya fremu 18 kwa sekunde ni dakika 3 na sekunde 20 basi, na Regular kwa fremu 16 ni dakika 4 na kidogo. Ndio maana harusi nzima unaikuta imekatwa katwa vipande vya sekunde sita sita, filamu ilikuwa ghali na mpiga picha anaibania kama mafuta ya taa.

Yale maboksi na makopo usitupe. Narudia, usitupe hata kama yamechakaa, maana mara nyingi juu yake kuna muhuri wa posta au wa maabara wenye tarehe, na mwandiko wa marehemu. Kopo letu moja lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya risasi "Raskazone J2", Raskazone ni pale pwani Tanga, maneno mawili tu lakini yalitusaidia sana mbele ya safari. Filamu ya Kodak nayo ina vialama pembeni, kimraba, kiduara, kipembetatu, vinavyoonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa kiwandani, ila vinajirudia kila baada ya miaka 20 kwa hiyo utapata kwamba ni 1957 au 1977, hapo unaangalia suruali. Ukiona bugaluu na raizoni jibu umepata.

Nusa

Sio utani. Fungua kopo usogeze pua, lakini usivute kwa nguvu. Ukisikia harufu ya siki, ile ya kuwekea achari, ujue filamu imeanza kuoza yenyewe kwa yenyewe. Mkanda wa nyingi umetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inatoa asidi ile ile ya siki, afu asidi hiyo hiyo inachochea kuoza zaidi, yani ikishaanza hairudi nyuma, unaweza kuipunguza mwendo tu. Kwa sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, joto lipo na unyevu upo mwaka mzima, kwa hiyo usishangae. Filamu yenye siki itenge na zenzake, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikajivukuta na asidi yake, na hiyo ndio iwe ya kwanza kuskaniwa kabla ya zote. Kuna vikaratasi vya kupimia vinatengenezwa na Image Permanence Institute ya Rochester kule Marekani, unakiweka ndani ya kopo kinabadilika kutoka bluu kwenda kijani mpaka njano kadiri ubaya ulivyo, ukiwa na makopo mengi vinasaidia kujua ipi ianze. Sisi tulikuwa na pua ya shangazi.

Filamu iliyooza pia inasinyaa. Kipimo chake cha nyumbani ni hiki, chukua kipande cha filamu mpya ya aina ile ile, ile nyeupe ya kuanzia rili inauzwa, ulaze sambamba na ya zamani tundu kwa tundu, uhesabu matundu 100. Yakifika 100 bado yanaonana uso kwa uso uko salama. Ukikuta yameachana karibu tundu zima basi imesinyaa asilimia 1, na hiyo ukiitia kwenye projekta au mashine yenye meno inachanika matundu yote kama zipu. Hiyo inataka skana isiyotumia meno, ya maabara kubwa.

Ukungu nao unaujua, vile vyeupe kama vumbi la unga au kama utando wa buibui. Sehemu yenye picha ni jelatini, ni chakula kabisa kwa ukungu. Hapa kuna kosa ambalo watu wengi wanafanya, wanachukua kitambaa cha maji. Usiweke maji! Ukungu ukishaila ile jelatini inakuwa laini, maji yanaiyeyusha na picha inakuja na kitambaa. Kwanza iache ikauke siku kadhaa kwenye chumba kikavu chenye hewa, kivulini sio juani, halafu vaa barakoa utoke nje barazani ufanyie huko, feni imezimwa, maana lile vumbi si la kuvuta wala si la kupulizia filamu zingine.

Kusafisha

Kaa mezani, taa nzuri, tandika shuka jeupe safi, glavu za pamba au mikono iliyooshwa na kukaushwa sawasawa. Filamu ishike kwa pembeni tu. Utahitaji kitu cha kuzungushia rili mbili, kile kidude cha mkono cha pande mbili, fundi seremala alitutengenezea sisi kwa ubao na nondo mbili za baiskeli, kazi ilienda vizuri tu. Unapitisha filamu taratibu katikati ya kitambaa kile cha kufutia miwani umekikunja, unabana kwa vidole viwili kama unavyobana uzi unaotia nta, na kila futi chache unahamisha sehemu ya kitambaa, ukibaki na ile ile chafu unakwaruza mwenyewe.

Pasipotoka kwa kitambaa kikavu unatumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kidogo sana, kitambaa kiwe kama kimeguswa tu na sio kulowa, na hakikisha filamu imekauka kabla haijajiviringa. Jaribu kwanza mwishoni kabisa mwa rili, fremu mbili tatu, uone kama rangi inatoka. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa, ile ya kufutia kidonda, hapana, ina maji na wakati mwingine mafuta. Mi nilitumia kwenye rili ya pili nikaona ni zile zile, ikaacha ukungu mwingine wa mafuta ikabidi nirudie yote upya. Na ukiona pembeni ya filamu kuna mstari wa kahawia umeenda urefu wote, hiyo ni sauti, Super 8 za kuanzia 1973 zipo zenye sauti, usipake kitu chochote cha maji maji hapo, mstari unaweza kubanduka ukabaki na filamu bubu.

Utakutana na sehemu zilizoungwa. Gundi ya zamani inaachia kwa kuguswa tu, kwa hiyo usivute, zungusha pole pole kidole kikisikilizia. Kuna seloteipu maalum za kuungia zenye matundu tayari, za Super na za Regular ni tofauti. Seloteipu ya dukani ya kufungia zawadi usiweke, gundi yake inavuja, inagandisha mzunguko wa juu na wa chini, ukija kufungua baada ya miaka mitano unabandua picha. Halafu unga mwanzoni na mwishoni mita moja moja ya filamu nyeupe, ndio mashine inaanza kung'ata hapo badala ya kung'ata uso wa babu yako.

Na dawa za kienyeji za filamu iliyokakamaa, sijui kuitia na kafuri, sijui kuifukiza, achana nazo. Ikiwa imekakamaa mpaka inalia ukiikunjua, iache ilivyo mpe anayejua.

Kuingiza kwenye kompyuta

Njia ni tatu, ntaanza na ya kimaskini kwa sababu ndio wengi mtaifanya na sio mbaya kama watu wa mitandaoni wanavyosema.

Projekta na simu. Lakini projekta uikague kwanza bila filamu, iwashe iungurume dakika kumi. Mikanda ya mpira ya ndani ikishazeeka inayeyuka inakuwa lami, fungua uangalie. Safisha ile njia inapopita filamu, mara nyingi kuna unywele umekaa hapo tangu enzi hizo na ndio ule unaouona unacheza pembeni ya picha. Jaribu na kipande cha filamu kisicho na maana. Kama projekta imetoka Marekani ni ya volti 110, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu imekwisha, na wallahi wapo waliofanya hivyo. Usipige picha kubwa ukutani, piga ndogo, kama saizi ya karatasi ya A4, kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, simu iwe kwenye stendi ubavuni mwa lenzi karibu kabisa nayo ili picha isipinde. Chumba giza totoro. Kwenye simu ingia ile modi ya kitaalamu, funga fokasi, funga mwanga, weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yani muda wa kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde.

Sasa kuhusu ile kupepesa, picha inawaka inazima inawaka inazima. Projekta nyingi zina kifuniko chenye mabawa matatu mbele ya taa, kila fremu inamulikwa mara tatu. Ukiendesha projekta kwa fremu 16 na theluthi mbili kwa sekunde, mara tatu inakuwa miale 50, na simu yako kwa 25 na shata ya 1/50 inachukua hesabu kamili. Kama projekta ina kitufe cha spidi kizungushe taratibu huku unaangalia skrini ya simu, kuna mahali kupepesa kunakufa kabisa, picha inatulia tuli, hapo hapo weka alama kwa kalamu. Mi nilipigia kelele nyumba nzima siku nilipopapata.

Njia ya pili ni vile vimashine vidogo vya nyumbani, vinapiga picha fremu moja moja kwenye kadi ya kumbukumbu. Havina moto, vinakwenda taratibu kama fremu 2 kwa sekunde, kwa hiyo rili ya dakika 3 inakula nusu saa, unaweka huku unapika. Ubaya wake vinakompresi picha sana na vinakuza ule ukali wa picha wenyewe bila kukuuliza, kama kina settingi ya ukali ipeleke chini kabisa. Pia vingi vinatoa faili la fremu 20 kwa sekunde wakati filamu yako ni 18 au 16, ndio maana unaona watu wanatembea kama wanakimbilia daladala. Hilo unarekebisha mbele. Kaa karibu, usikiache peke yake, kiungo cha filamu kikikwama kimashine kinaendelea kuvuta. Kwa filamu iliyo nzima mimi nakipenda hiki, tulinunua kimoja kwa kuchangishana ukoo mzima na sasa kinazunguka familia kwa familia.

Ya tatu ni kupeleka maabara, ndani au nje ya nchi. Hii fanya kwa zile zenye siki, zilizosinyaa na zile ambazo ukizikosa utalia. Waulize kabla hujatoa hela: mnaskani fremu kwa fremu au mnarekodi projekta kama mimi? Mnachukua mpaka pembeni ya picha pamoja na vitundu au mnakata? Mtanipa faili kubwa la ProRes, lile lisilobana picha sana, au DVD tu? Na filamu yangu itarudi? Mtu anayekwambia DVD ndio mwisho wa teknolojia yake mshukuru uondoke. Watu wanaogopa mashine za ukaguzi za eapoti, filamu iliyokwisha kusafishwa zamani, nasema kusafishwa kule kwa maabara kunakotoa picha na sio kufuta vumbi, haidhuriki na miale ile. Ambayo haijasafishwa ndio inaharibika. Na kama sandukuni umekuta Kodachrome, ile filamu ya rangi ya Kodak, ambayo haijawahi kusafishwa, pole, maabara ya mwisho duniani iliyokuwa inaisafisha kwa rangi, huko Kansas, iliacha kuzipokea mwisho wa mwaka 2010, siku hizi inawezekana kutolewa nyeusi na nyeupe tu.

Mkono wa kushoto

Hii lazima niwahadithie. Rili ya harusi nimeiskani, kazi safi, nimefurahi, nikamwekea bibi kwenye laptopu. Wakafika kwenye sinia la pilau, wanaume sita wamelizunguka, na wote sita wanakula kwa mkono wa kushoto. Bibi akanyamaza, afu akasema, "Hee, hawa wamefunzwa wapi hawa?" Akawa ameudhika kweli, anamtaja mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Mimi nikadhani ba'mkubwa alikuwa na marafiki wa ajabu. Ni mtoto wa dada yangu, miaka tisa, akasema mbona kanga za wale akina mama zimeandikwa nyuma mbele. Nilikuwa nimeilaza filamu upande si wake, picha nzima imegeuka kama kwenye kioo.

Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia kidogo, huo uliofifia ndio wenye picha. Mashine yako itakuwa inataka upande fulani uangalie juu, soma maelezo yake, lakini ushahidi wa kweli ni maandishi: jina la kanga, namba ya gari, kibao cha duka. Kama hamna maandishi angalia wanaokula. Ukiwa umeshakosea huna haja ya kuskani upya, programu yoyote ya kuediti ina kitufe cha kugeuza picha kulia kushoto.

Kuediti, na pa kuacha

Kabla hujagusa chochote toa kopi ya faili mbichi, weka pembeni, liite mbichi, usilifungue tena kwa kuediti. Unafanyia kazi kopi. DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa kama laptopu yako ina nguvu, kama haina Shotcut au Kdenlive zinatembea.

Anza na spidi. Faili la fremu 20 la filamu ya Super 8 lipeleke asilimia 90, la Regular asilimia 80. Usiamini hesabu peke yake, angalia mtu anayetembea, angalia anayepepea mkaa, mwili wa binadamu una mwendo wake. Kama ile Quarz yetu, ufunguo ukikaribia kuisha kamera inazubaa, kwa hiyo mwisho wa kipande watu wanaongeza mwendo ghafla, hizo unarekebisha kipande kwa kipande au unaacha, mimi nimeacha.

Rangi. Filamu nyingi zilizokaa gizani zinapoteza rangi ya samawati kabla ya zingine, ndio maana zinabaki nyekundu nyekundu kama zimepigwa saa ya magharibi, za kwetu za ORWO, filamu za Ujerumani Mashariki, zote zilikuwa hivyo. Kodachrome ndio inashangaza, inakaa miaka 50 na kanga bado inawaka. Tafuta kwenye picha kitu unachojua rangi yake, kanzu, ukuta wa chokaa, shuka la hospitali, shusha wekundu mpaka kile kiwe cheupe. Usibonyeze ile otomatiki. Otomatiki ikiona kanzu nyeupe na nyuso nyeusi inachanganyikiwa kama kamera yenyewe ilivyochanganyikiwa siku ile, inapima kanzu, sura za watu zinabaki giza, au inang'arisha yote watu wanatoka rangi ya jivu. Pandisha zile sehemu za giza na za kati taratibu, kwa mkono, huku mtu anayewajua wahusika amekaa pembeni yako. Shangazi alikuwa ananiambia, "Hapana, kaka yangu alikuwa mweusi wa kung'aa, ongeza," basi naongeza.

Vumbi na mikwaruzo punguza kidogo. Ile mchele mchele ya filamu usiifute yote, ndani yake ndio kuna sura, ukilainisha unabaki na watu wa plastiki. Na zile programu za akili bandia za kukuza picha ndio nina ugomvi nazo. Nilijaribu moja, ikachukua uso wa bibi mzaa bibi uliokuwa hauzidi ukubwa wa punje ya mchele, ikamtengenezea macho, nyusi na meno. Picha safi ajabu. Nikampelekea mjomba akajibu kwa neno moja, "Nani?" Mashine haikumwona yule bibi, imebahatisha tu kwa sura za watu wengine ilizofundishwa. Kama ni lazima, fanya kwenye kopi ya kuchezea na uandike wazi kwenye jina la faili kwamba imekuzwa, la sivyo wajukuu watakuja kulilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Sauti iko kwa wazee

Hili ningepaswa kuliweka la kwanza kabisa. Filamu nyingi hizi ni bubu, na kilichomo ndani anakijua mtu mmoja au wawili ambao wana miaka 80. Kwa hiyo usisubiri umalize kuediti, ukishapata tu hata ile rekodi mbaya ya simu kaa na mzee, yeye na wewe na labda mtu mmoja, sio ukumbi mzima. Simu moja irekodi sauti yake karibu, ya pili ichukue skrini ili ujue anasema nini kuhusu nini. Cheza taratibu, simamisha. Usiulize "huyu nani" peke yake, uliza hapa ni wapi, nyuma pale ni nini, nani alikuwa ameshika kamera, mbona huyu hacheki. Tulipofika kwenye rili ya Raskazone, watoto wanaogelea, bibi hakuangalia watoto kabisa, akaangalia mwanamke aliyekaa kwenye mawe mbali, akaitambua kanga yake, akasema hiyo doti tuligawana, mimi nikachukua kipande kimoja yeye kimoja, kisha akataja mwaka, kwa sababu ulikuwa mwaka wa msiba. Yale maneno mawili ya kwenye kopo yakapata na tarehe.

Baadaye ile sauti unaiweka chini ya picha, au unaandika majina kama manukuu. Usiijaze muziki wa kuokota mtandaoni. Ukiniuliza mimi, bibi anakohoa na kusema "subiri subiri rudisha" ndio muziki wenyewe.

Na kabla hujarusha kwenye grupu la familia uliza watu. Kuna shangazi yangu sasa hivi ni Hajjat, kwenye rili ya 5 ana afro na kigauni kifupi anacheza twisti, amecheka mpaka machozi lakini akasema hiyo ibaki humu ndani, basi imebaki humu ndani. Kuna na filamu ya mazishi, hiyo haiendi popote mpaka wenye marehemu waseme.

Wenye kaseti

Najua wengi wenu hamna rili, mna VHS za harusi na kipaimara na send-off. Kwa kifupi: kiwanda cha mwisho kutengeneza mashine zake, Funai wa Japani, kiliacha mwaka 2016, kwa hiyo ukipata deki nzima leo usimrudishie mwenyewe haraka. Kaseti yenye ukungu mweupe kwenye kidirisha usiitie, itachafua vichwa vya deki na deki itachafua kaseti zingine zote. Ile iliyo safi peleka mbele mpaka mwisho urudishe mara moja kabla ya kurekodi, ilainike. Kuna na mifumo ya picha za TV, za hapa kwetu na za ndugu wa Oman ni PAL, za Marekani ni NTSC, deki ya PAL tupu itakupa picha inayoruka. Rekodi kwa faili kubwa, sio moja kwa moja MP4 ndogo, halafu unapoondoa ile mistari mistari ya picha toa fremu 50 kwa sekunde sio 25, mwendo unabaki laini kama ulivyokuwa kwenye TV. MiniDV ni nyingine kabisa, hiyo inataka waya wa Firewire, inatoka kama ilivyo bila kupungua chochote, kama GB 13 kwa saa moja. Saa moja ya kaseti ni saa moja ya kurekodi, hakuna njia ya mkato.

Kuhifadhi

Filamu zenyewe usitupe baada ya kuskani. Skana za miaka kumi ijayo zitakuwa bora, na filamu iliyokauka vizuri inaweza kukuzidi umri. Ziweke mahali pakavu, palipoinuka, mbali na dari la bati, na vile vipakiti vya vipunje vinavyokuja kwenye viatu vipya, ukivibadilisha vikishashiba unyevu. Friji inapunguza kuoza kweli, lakini lazima ufunge mifuko miwili isiyopitisha hewa na ukitoa usubiri siku nzima kabla ya kufungua, na kwa umeme unaokatika usiku unarudi asubuhi mimi nimeogopa ule umande. Shangazi alitaka tuzipeleke Lushoto kwa sababu ya baridi, nikamkumbusha ukungu wa Lushoto asubuhi, akanyamaza.

Mafaili weka sehemu tatu, na moja iwe mji mwingine. Flashi sio mahali pa kuhifadhi, ni mahali pa kubebea. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video inakatwa katwa ubora na baada ya mwaka utakuta hiyo mbovu ndio pekee iliyobaki kwenye simu za watu. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mahali, tukio, namba ya rili, usiandike "video mpya ya bibi final 2".

Sisi moja iko Tanga kwenye eksteno, ile diski ya kuchomeka nje ya kompyuta, moja kwangu Dar, moja kwa binamu Maskati. Kila Idi mosi baada ya kula mtu mmoja anafungua faili moja moja kuona kama linacheza. Idi iliyopita rili ya 7 ya Tanga haikufunguka na yangu ikagoma vile vile kwa sababu nilikuwa nimeikopi kutoka kwenye hiyo hiyo mbovu. Ya Maskati ilikuwa nzima, tukaishusha kwa bando usiku kucha, imefika alfajiri.